Farasi hataki kuguswa masikio, na bosi anataka avae hatamu

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni saisi kwenye shamba moja huku Usa River. Safu yako naisoma kila inapotoka, na najua wengi wanakuuliza habari za kuku na ng'ombe wa maziwa. Shida yangu mimi ni farasi, na mtu wa kumuuliza mambo ya farasi huku si rahisi kumpata.

Tuna farasi jike anaitwa Shani, kazaliwa hapa hapa shambani, sasa ana miaka miwili na nusu. Mwenye mali ni bosi, lakini aliyemlea ni mimi. Alipokuwa mdogo nilikuwa namsugua popote, mpaka masikioni, analegeza kichwa na kusinzia. Malisho yetu yanashuka hadi mtoni, na mto wenyewe unakwenda kasi juu ya mawe. Masika yalipokuwa yanaishilizia nikaanza kumwona asubuhi anatikisa kichwa, anapigapiga masikio, anajisugua kwenye nguzo za uzio. Baadaye akaanza kunikwepa. Sasa nikipandisha mkono ukapita shavu tu, anarusha kichwa juu, na yeye ni mrefu kuliko mimi.

Siku moja alikuwa amelala juani, nikafanikiwa kuchungulia. Ndani ya masikio yote mawili kuna ukoko mweupe umenyanyuka juu ya ngozi, vipande vingine vikubwa kama ukucha wa dole gumba, vingine vidogo. Palipobanduka pana rangi ya waridi na panang'aa. Hakuna usaha, hakuna harufu. Anakula vizuri, anakimbia na wenzake, mavi yake ni ya kawaida.

Aliyeharibu zaidi ni mwenzangu mmoja. Aliniona nahangaika, akamkamata sikio la kushoto, akalikunja kwa nguvu ili farasi asimame, halafu akakwangua ule ukoko kwa kitambaa. Tangu siku ile Shani hataki mtu asogee upande wa kushoto, hata ukimwonyesha pumba.

Ushauri ninaopewa ni mwingi. Jirani mwenye ng'ombe kaniletea chupa ya dawa ya kupe anayoogeshea ng'ombe wake, eti nichovye pamba nipake ndani ya sikio. Mzee mmoja hapa anasema oili chafu. Kijana wa duka la pembejeo anasema nimchome ile sindano ya minyoo ya ng'ombe, inamaliza kila mdudu.

Bosi amesafiri, anarudi mwisho wa mwezi ujao, na kaacha maagizo akute Shani anavaa hatamu, tayari kuanza mafunzo. Nilipomweleza kwa simu akasema farasi ananichezea tu, nikishindwa ataleta mtu wa kumvunja kiburi. Naomba unisaidie. Ni ugonjwa gani, nimpake nini, na bosi nimwambie nini? Halafu mwanangu wa miaka sita ameota chunjua vidoleni, mama yake anasema nimezileta kutoka kwa farasi. Ni kweli?

Saisi, Usa River

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na chupa ya jirani. Irudishe leo. Baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe hapa kwetu zina amitrazi, na amitrazi kwa farasi ni hatari. Ng'ombe anaivumilia bila shida, lakini utumbo wa farasi hulegea na kuacha kusukuma chakula, mavi yanakauka na kujazana ndani ya utumbo mpana, na tumbo la namna hiyo linaua. Jirani yako hana nia mbaya. Ng'ombe wake wanapona kila wiki mbele ya macho yake, atajuaje? Zipo dawa nyingine za kupe zenye saipamethrini au deltamethrini, ambazo hutumika juu ya mwili wa farasi, lakini hata hizo hazikutengenezwa kupakwa ndani ya sikio lenye ngozi iliyobanduka.

Sindano ya minyoo nayo mwachie mwenye ng'ombe. Ivermectini ya kuchoma ikiingia kwenye msuli wa farasi imewahi kusababisha uvimbe wenye maambukizi mabaya, wengine wakafa. Ya farasi ni ile ya kulishwa mdomoni, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake, na tutaona kama Shani anaihitaji. Kuhusu oili chafu sina la kusema zaidi ya hapana.

Sasa masikio yenyewe. Umenieleza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, na kwa maelezo yako nina mashaka madogo sana. Ukoko mweupe ulionyanyuka, upande wa ndani wa sikio, masikio yote mawili, chini yake ngozi ya waridi inayong'aa, bila usaha wala harufu, kwa farasi anayelisha kando ya maji yaendayo kasi: hayo ni mabaka yanayoletwa na virusi vya papiloma. Virusi hao ni wa ukoo mmoja na wale wa chunjua, ila aina zinazoshika masikio ni tofauti na zile zinazowaotesha farasi wachanga vichunjua vya puani na midomoni. Vya puani hupukutika vyenyewe baada ya miezi michache. Haya ya masikioni mara nyingi hayaondoki. Farasi huzeeka nayo.

Usishtuke. Mabaka haya hayageuki saratani, hayamzibi sikio, na yakiachwa kwa kawaida hayamuumi. Wapo farasi wanaovaa hatamu kila siku na masikio yao ni meupe ndani, wala hawajali. Kinachomtesa Shani ni mdudu aliyeyaleta, ambaye bado anamrudia kila asubuhi na jioni.

Mdudu huyo ni usubi, yule mweusi mdogo mwenye kibyongo mgongoni. Watu wa Mahenge na Tukuyu wanamjua kwa ubaya mwingine, kwa sababu kwa binadamu ndiye anayeeneza ule ugonjwa wa macho. Anazaliana kwenye maji yanayokwenda kasi, mabuu yake yameng'ang'ania mawe na majani yaliyozama. Akishakuwa na mabawa anatafuta ngozi laini isiyo na manyoya mengi, na kwa farasi hakuna mahali palaini kama ndani ya sikio. Anaikata ngozi, halafu anaramba damu inayotoka. Ndiyo maana mara nyingi huonekana vitone vya damu iliyokauka na uvimbe, na ndiyo maana farasi anatikisa kichwa kama mwendawazimu. Inaaminika ni yeye pia anayebeba virusi kutoka sikio la farasi mmoja hadi la mwingine. Wachungulie wenzake wa malisho yale yale. Sitashangaa ukikuta mabaka kwa wawili watatu.

Lakini mimi sijamwona, na kuna kitu kimoja nataka ukiangalie kabla ya kunisikiliza zaidi. Inua mkia wake, utazame kuzunguka njia ya haja kubwa. Ukikuta kupe weusi wenye miguu myekundu, basi masikio yana mgeni mwingine pia. Kupe huyu akiwa mkubwa hukaa chini ya mkia, lakini watoto wake huingia ndani kabisa ya tundu la sikio, mahali ambapo jicho halifiki, wakanyonya hapo na kugeuka hatua ya pili pale pale bila kushuka. Farasi, punda na pundamilia ndio anaowapenda, na ninyi mko jirani na Hifadhi ya Arusha yenye pundamilia tele. Kupe huyu pia anabeba vimelea vinavyovunja chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo ukimkuta, chukua kipimajoto. Farasi mzima akiwa ametulia huwa kati ya 37.5 na 38.5. Akizidi hapo, ufizi ukawa mweupe au wa manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai, usingoje kesho kumwita daktari.

Usijaribu kuwatoa hao wadogo wa ndani wewe mwenyewe kwa koleo wakati farasi anapigana nawe. Daktari atampa sindano ya kutuliza, atatazama kwa taa, atawatoa na kuweka dawa inayofaa. Akishatulizwa, bado usisimame nyuma yake. Farasi aliyelewa dawa anaonekana amelala, lakini teke lake liko macho.

Mambo mengine nayapita haraka, maana hayafanani sana na ulichoniandikia. Utitiri wa masikioni huleta uchafu mwingi wa kahawia na muwasho mkali, na ndio unaotibika kwa ile ivermectini ya mdomoni. Choa hutoa mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, zaidi upande wa nje na usoni, na huo unaambukiza watu. Uvimbe mgumu, au kidonda kinachonyanyuka kama nyama kwenye shina la sikio, usikiguse wala kukikata. Kuna uvimbe wa ngozi wa farasi ambao ukichokozwa hukua mara mbili. Tundu dogo linalovujisha ute karibu na shina la sikio kwa farasi mchanga ni kilema cha kuzaliwa, wakati mwingine ndani yake mna jino kabisa, na dawa yake ni upasuaji. Na ukimwona anasusia kula, kichwa kimeinama upande mmoja, au mdomo umepinda na sikio limelegea, hapo shida imeshaingia ndani ya kichwa na kila saa ina thamani. Kama anajisugua pia shina la singa na mkia mpaka nywele zinakatika, niandikie tena, maana huo ni mzio wa vijidudu vingine vidogo zaidi na mpango wake ni mwingine.

Kuhusu kupaka. Ukoko ule usiukwangue, usiuloweshe, usiupake dawa ya kuua virusi, ya fangasi, wala ya kienyeji. Mwenzako alipoukwangua aliacha ngozi mbichi, usubi ukapata mlango. Ipo marhamu ya watu ya chunjua, imikwimodi ya asilimia 5, ambayo madaktari wa farasi wameitumia kwenye mabaka haya na mara nyingine huyaondoa. Mimi kwa Shani siishauri. Inafanya kazi kwa kuwasha moto kwenye ngozi: sikio linavimba, linatoa majimaji, linauma, na kila dozi inahitaji farasi atulizwe kwa sindano au ashikwe. Kwa farasi wa miaka miwili na nusu ambaye ameanza kuwaogopa watu, utakuwa umebadilisha ukoko usiomuuma kwa uoga utakaodumu maisha yake yote. Kwa macho mabaka yanakera, sikatai. Lakini hatamu haipiti ndani ya sikio.

Unachoweza kupaka ni mafuta ya mgando, yale ya kawaida yasiyo na harufu. Tabaka jembamba ndani ya ganda la sikio, sehemu unayoiona tu, humzuia usubi kupata pa kuuma na hulainisha ukoko. Usishuke nayo kwenye tundu. Lakini kwa sasa hakuruhusu kufika, kwa hiyo mafuta yatasubiri, na kazi ya kwanza ni kumwondolea mdudu bila kumgusa.

Usubi una tabia moja ya kukusaidia: hauli usiku, na haupendi kuingia ndani ya banda. Unauma zaidi asubuhi na jioni. Basi mtoe Shani malishoni saa hizo. Abaki bandani mpaka jua limepanda vizuri, ashuke malishoni mchana, arudi kabla jioni haijaingia. Kama mnayo malisho ya juu, mbali na mto, penye upepo, apelekwe huko mpaka kipindi cha usubi mwingi kipite. Faida ya pili ni kwamba farasi aliye bandani usiku, penye wavu madirishani, anaepushwa pia na vile vijidudu vinavyoeneza tauni ya farasi, ugonjwa ambao huku kwetu upo na unaua kwa siku chache. Chanjo yake ni ya kila mwaka. Kama hujui Shani alichanjwa lini, hilo nalo liulize. Mto usiutie dawa yoyote. Watu wanakunywa.

Nywele za ndani ya sikio usizikate hata kidogo. Najua masaisi wa farasi wa mashindano huzinyoa ili sikio lionekane safi. Shani bado hajafika huko, na zile nywele ndizo chandarua chake.

Chandarua cha pili unaweza kukishonesha. Kuna barakoa za farasi za wavu zenye mifuko ya masikio. Zisipopatikana, fundi mzuri wa kufuma kwa sindano hapo Usa au Arusha mjini anaweza kukutengenezea kofia ya masikio kwa uzi wa pamba. Iwe pana, isibane shina la sikio, mshono usiangukie ndani. Ivuliwe kila jioni na kufuliwa, maana jasho na vumbi vikikaa humo utakuwa umeleta ugonjwa mwingine. Na wakati tunazungumzia vinavyobana: ile kamba ya kichwani anayovaa kila siku, mara ya mwisho uliilegeza lini? Farasi wa umri huu anakua. Nimeona zaidi ya mmoja aliyeitwa mkaidi, kumbe kamba aliyovalishwa akiwa na mwaka mmoja ilikuwa imemchimba nyuma ya masikio.

Tukija kwenye mikono, hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wewe unahitajika kuliko mimi.

Kukunja sikio ni njia ya zamani ya kumshika farasi, na inafanya kazi mara moja. Bei yake ndiyo hii unayoilipa. Farasi hakumbuki tu kwamba alikunjwa na fulani. Anakumbuka mkono unaopanda upande wa kushoto. Mwenzako asimguse tena Shani kichwani, na hili liwe wazi bandani kwa kila mtu. Mtu mmoja tu afanye kazi ya masikio, na mtu huyo ni wewe.

Usianze mpaka usubi umepungua na palipobanduka pamepona, kwa sababu huwezi kumfundisha kuwa mkono hauumi wakati sikio linauma. Ukishaona hatikisi kichwa ovyo, mchukue saa ambayo ameshiba na ametulia, bandani, kamba mkononi bila kumfunga popote. Simama pembeni, sambamba na bega, sio mbele. Farasi akishtuka mbele yako ana miguu miwili ya kukupiga. Anza upande wa kulia, ambako hakuumizwa. Msugue pale chini ya shingo panapoanza mgongo, mahali farasi wanapokwaruzana wenyewe kwa wenyewe, mpaka mdomo wa chini ulegee. Halafu panda na shingo taratibu kwa kiganja chote, sio kwa ncha za vidole. Kuna mahali utafika utahisi shingo imekaza. Pale pale simama, usisonge mbele wala usiondoe mkono. Ngoja. Akishusha pumzi, akalamba mdomo au akashusha kichwa hata kidogo, ndipo unaondoa mkono na kurudi kumsugua begani.

Watu wengi hapa hukosea saa ya kuondoa mkono. Farasi akirusha kichwa wakauondoa, wamemfundisha kwamba kurusha kichwa kunalipa. Kesho atarusha juu zaidi. Kwa hiyo usifike mahali ambapo atalazimika kurusha. Kama leo mpaka wa amani ni katikati ya shingo, leo ni katikati ya shingo. Akirusha kwa bahati mbaya, mkono wako uteleze ubaki shingoni, usimkaripie, ukitulia naye atatulia. Dakika chache mara mbili kwa siku zinatosha. Ukimkalisha nusu saa utamchosha na wewe utakasirika.

Ukifika masikioni, pita juu yake kama mtu anayefuta vumbi, kiganja kikifunika sikio lote kutoka shina kwenda ncha, kufuata nywele, bila kulishika. Usiingize kidole ndani. Ndani ni baadaye sana, na ni kwa ajili ya mafuta tu. Ukishazoeleka kwa mkono, rudia kwa sponji, kwa kitambaa, kisha kwa kipande cha ukanda wa ngozi. Na usidhani kulia kukikubali basi na kushoto kumekubali. Kwa farasi hizo ni kazi mbili, na ya kushoto utaianza upya toka shingoni, kwa subira zaidi.

Chunjua za mwanao hazikutoka kwa Shani. Virusi vya papiloma vya farasi ni vya farasi na vya watu ni vya watu. Mtoto kazipata kwa watoto wenzake, na kwa umri wake nyingi hupotea zenyewe. Mwambie mama yake namsalimu, na wewe nawa mikono ukitoka bandani kwa sababu nyingine nyingi ambazo anazijua.

Bosi sasa. Kwanza usimpigie simu kumwambia Shani hawezi. Mpelekee picha. Siku ukimkuta tena amelala, au daktari akishamtuliza, piga picha ya ndani ya sikio iliyo wazi, na nyingine ya wale wadudu. Mwenye mali akiona ukoko kwa macho yake, neno kiburi linapungua uzito. Mweleze kwamba ni ugonjwa wa ngozi unaojulikana, hauna gharama kubwa, na kwamba kinachogharimu ni farasi aliyeharibiwa kichwa. Huyo hata kumuuza inakuwa taabu, maana mnunuzi wa kwanza atakayejaribu kumvalisha hatamu ataondoka. Ukilisema kwa upande wa mfuko wake atakusikia haraka kuliko ukilisema kwa huruma. Kama anamtaka huyo mtu wake, aje, lakini mwombe bosi sharti moja: hakuna kukunja sikio wala kufunga kamba ya kubana pua mpaka daktari awe amemtazama.

Pia una la kumpa bosi mwishoni mwa mwezi ujao, hata kama masikio hayajakubali. Hatamu si lazima ipitishwe juu ya masikio. Ifungue kipande cha shavu upande wa kushoto, pitisha ukanda wa kichwani nyuma ya masikio kama unavyofunga kamba ya kawaida, ingiza lijamu, kile chuma cha hatamu, mdomoni polepole, kisha funga kipande cha shavu. Ukanda wa paji la uso uuvue kabisa kwa sasa, maana huo ndio unaobana shina la sikio hasa ukiwa mfupi. Ataonekana amevaa nusu, lakini atakuwa amevaa, na hakuna aliyemgusa sikio.

Siku daktari wa mifugo atakapokuja, mwambie asiishie masikioni, atazame na mdomo. Katika umri wa miaka miwili na nusu magego ya kwanza ya utotoni ndiyo yanaanza kung'oka, na farasi wengine wana kijino kidogo mbele ya magego, pale pale lijamu linapokaa. Kikiwepo na kikawa kinamchoma, utamaliza kazi yote ya masikio halafu atakataa hatamu kwa sababu nyingine kabisa, na bosi atasema aliyasema.